Cheti cha Dilly na Cheti cha Batt

Mdogo wangu Batt ameshika farasi zaidi ya elfu wakidungwa sindano, na yeye mwenyewe alikuwa hajadungwa hata moja. Hilo nililijua mimi peke yangu. Siku nesi alipokuja shuleni kwetu, Batt alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mmoja. Nilimkimbiza kuzunguka shule mara tatu, nikamkamata nyuma ya choo, akanizimikia mikononi kabla nesi hajafungua mkoba wake. Nesi akasema basi, mwacheni. Mwaka uliofuata mimi niliacha shule kumuuguza mama, kwa hiyo sijui kama nesi alirudi, lakini kama alirudi, hakumpata Batt.

Basi ile korona ilipotufikia hapa kaunti yetu ya Kerry, na chanjo ikaja, na kila mzee akawa amepanga foleni kwa daktari, Batt alisema hachanjwi. Alisema ni haki ya mtu na mwili wake. Alilisema hilo kanisani, baani, na kwenye mnada wa ng'ombe, tena kwa sauti nzuri. Mimi nilipaka siagi kwenye mkate nikanyamaza.

Tunaishi nyumba moja, mimi na yeye, tangu mume wangu afariki. Batt hakuoa. Yeye ana Dilly.

Dilly ni farasi jike wa rangi ya chai iliyokolea. Alipozaliwa mama yake alikufa palepale, na Batt akamlea kwa chupa jikoni kwangu, karibu na jiko, mpaka alipoanza kula mapazia. Miaka kumi baadaye alikuwa amekimbia mbio ishirini na mbili za kuruka viunzi na hakuwahi kuwa wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Mara moja alikuwa wa nne, lakini walikuwa wanne. Batt aliziona mbio zote ishirini na mbili kwa macho yake. Mbio za ishirini na tatu zilikuwa ziwe hapa kwetu Cloonagarra, Jumapili ya Septemba, na ndizo zingekuwa za mwisho. Baada ya hapo Dilly angepumzishwa apate watoto.

Kamati ya mbio zetu ni watu watano. Tulikutana ukumbi wa parokia wiki tatu kabla. Sheria ilitaka madirisha yawe wazi na viti viwe mbalimbali, basi tulikaa kama watu waliogombana, kila mtu na koti lake na barakoa yake, tukipiga kelele ili tusikiane. Mwenyekiti ni Con Sugrue, aliyekuwa meneja wa kiwanda cha maziwa, na mpaka leo anaongea kama mtu anayekataa maziwa yako.

"Jambo ni moja," Con alisema. "Serikali imetupa njia mbili. Kila anayeingia awe na cheti cha chanjo, tujaze uwanja karibu wote. Au tusiulizane vyeti, tuingize watu mia chache tu, wengine wakae nyumbani."

"Mia chache ni wenye farasi na shangazi zao," alisema Philo, mama mwenye baa. "Mbio gani hizo? Hata harusi ya binamu yangu ilikuwa na watu wengi zaidi, na bwana harusi hakuja."

"Mimi sitaulizwa karatasi," Batt alisema, "kwenye uwanja ambao baba yangu alichimba mitaro yake."

"Baba yako hakuchimba, Batt," Con alisema. " Aliegemea sepetu akivuta kiko. Baba yangu ndiye aliyechimba."

"Mtu lazima asimamie kazi."

Padri Kiely, ambaye ni mpole na hasikii vizuri, alitaka kujua tumefika wapi. Philo akamwambia tumefika kwenye mitaro.

Con akaegemea mbele. "Nikuulize kitu, Batt. Miaka thelathini wewe ndiye unayekagua vitabu vya farasi pale langoni. Farasi ambaye chanjo yake ya mafua haijakamilika, unamwingiza?"

"Simwingizi."

"Dume langu ulilirudisha nyumbani mwaka ule, kwa sababu sindano yake ilichelewa siku moja."

"Siku moja. Niliihesabu mara mbili."

"Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri kumpakia."

"Ungemwita daktari wa mifugo mapema, Con, ungelala mpaka saa mbili."

Philo alicheka ndani ya barakoa mpaka ikavimba. Con hakucheka. "Kwa hiyo farasi akaguliwe, halafu mtu anayemvuta kamba apite tu?"

"Farasi hawezi kusema hapana. Mtu anaweza."

"Na wewe umesema hapana mpaka tumechoka kukusikia. Farasi hakohoi usoni mwa mtu pale kaunta."

"Farasi haendi baa. Ana akili."

Padri akainua mkono. Alisema yeye yuko upande wa Batt, si kwa sababu ya chanjo, yeye amechanjwa mara mbili na angechanjwa ya tatu wakimpa, ila amehubiria simu iliyowekwa juu ya mkebe wa biskuti mwaka mzima, kanisa likiwa tupu, na hana moyo tena wa kumfungia mtu yeyote mlango wowote. Ilikuwa kweli. Ule mkebe tuliuona sote.

Basi kura zikawa mbili kwa mbili. Con na Philo wanataka vyeti, Batt na Padri hawataki. Wakanigeukia mimi.

Nilijua kabisa nilichokishika mkononi. Nikisema vyeti, Batt hatamwona Dilly akikimbia mara ya mwisho. Ningeweza pia kuyamaliza yote kwa sentensi moja tu, niwaambie habari ya nesi na choo cha shule, na Batt asingefungua mdomo tena Kerry hii kuhusu haki. Lakini kuna mambo ya ndani ya ndugu hayatoki nje hata kwa ajili ya kushinda.

Nilimfikiria Nell Mangan, jirani yangu kwa miaka hamsini. Alipokufa mwaka uliotangulia, kanisani waliruhusiwa watu kumi. Sisi wengine tulisimama kando ya barabara, mmoja mmoja, mbalimbali, gari la maiti likapita polepole, na mimi nikampungia Nell mkono kama ninavyompungia mtu anayekwenda sokoni. Sikutaka kupunga hivyo tena.

"Vyeti," nilisema. "Na wanaokuja kufanya kazi nao pia."

Batt alinitazama kana kwamba nimemuuza Dilly kwa watu wa soseji.

*

Karibu wiki mbili hakusema nami. Alisema na Dilly, kupitia dirisha la jikoni linalotazama zizi.

"Dilly, muulize mpishi kama kuna chai."

"Dilly," nami nilijibu, "mwambie iko mezani tangu saa moja, na imeshapoa kama moyo wake."

"Mwambie naishukuru kamati."

"Mwambie kamati inasema avue viatu."

Dilly alitutazama kwa zamu. Nafikiri alifurahi, maana kila tulipomtuma alitegemea karoti.

Halafu, Jumamosi moja, siku nane kabla ya mbio, Batt alivaa koti lake la mazishi akasema na ukuta kwamba anakwenda mji wa Tralee kununua mafuta ya kwato. Alirudi saa nane mchana bila mafuta ya kwato. Alikuwa mweupe kama unga. Alikaa kitini polepole sana na mkono wa kushoto ameushikilia kama yai.

"Una nini?" nilimuuliza, bila kupitia kwa farasi.

"Mlango wa duka umenigonga."

"Pole," nikasema. "Mlango mkubwa?"

"Wa kawaida."

Wiki ile nzima alinishangaza. Hakubeba ndoo. Alitembea asubuhi na jioni kuzunguka ua, taratibu, hata hakupanda kilima. Alijifunika blanketi mabegani. Akaniomba uji wa pumba za ngano, wa moto, wenye asali kidogo, na hapo ndipo niliposimama na mwiko mkononi nikamtazama vizuri, kwa sababu uji ule ni ule ule ninaompikia Dilly akitoka kuchanjwa. Mdogo wangu alikuwa amejipumzisha kama farasi.

Nikajua. Alikuwa amekwenda duka la dawa, akamkabili mtu mwenye sindano, peke yake, baada ya miaka sabini na saba ya woga. Nilitaka kumkumbatia. Lakini namjua Batt. Ukimwambia umemwona akitenda jema, atalikana na kulirudisha lilikotoka. Kwa hiyo nilimwongezea asali nikafunga mdomo. Maisha yangu yote watu wamenisifu kwa uvumilivu, na mara hii moja ningepaswa kuuliza swali moja dogo. Mimi nilichanjwa majira ya kuchipua, kwa daktari wetu, na mambo ya kuhesabu siku nilikuwa nimeshayasahau.

*

Jumapili ya mbio kulikucha na jua, ambalo hapa kwetu watu hulitazama kwa mashaka. Batt alimsugua Dilly mpaka unaweza kujiona ubavuni mwake. Neasa, dada mmoja kijana ambaye humpanda Dilly kwenye mbio, alikuja na baba yake wakamwingiza kupitia lango la farasi. Mwalimu mmoja, aliyewekwa mahali pa Batt kukagua vitabu, alifungua kitabu cha chanjo cha Dilly, akakuta kila muhuri mahali pake, akamruhusu.

Mimi nilikuwa nimeshapita zamani na mikate yangu. Lakini nilipoona Batt yuko kwenye foleni ya watu, amevaa tai, nilimwacha Philo na birika nikaenda kusimama karibu na lango.

Con Sugrue ndiye aliyekuwa anakagua vyeti. Alipomwona Batt alikaa sawa.

"Batt. Unajua sheria."

"Naijua kuliko wewe," Batt alisema, na akatoa mfukoni kadi ndogo, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayemaliza mchezo wa karata. "Ni ile chanjo ya sindano moja tu. Nimemaliza."

Con aliichukua. Niliuona uso wake ukifurahi kweli, kwa sababu Con si mtu mbaya, ni mtu wa maziwa tu. Alivaa miwani. Akasoma. Halafu ile furaha ikasimama njiani.

"Batt, hii ni ya Jumamosi iliyopita."

"Jumamosi ya wiki iliyopita. Siku nane."

"Siku nane."

"Sheria ni saba. Nimeongeza moja ili usinibishie."

Con alivua miwani. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kabisa, lakini foleni ya watu wa Cloonagarra haina sauti ya chini. "Saba ni ya farasi, Batt. Farasi akichanjwa asikimbie kabla ya siku saba. Mtu ni kumi na nne."

Batt alihesabu kwa vidole, akafika mwisho wa mkono mmoja, akaanza wa pili, akaacha.

"Nani alisema kumi na nne?"

"Imeandikwa hapa nyuma ya kadi."

"Mimi nilisoma mbele."

Mtu fulani kwenye foleni akasema, "Mkague meno, Con, labda atapita kwa umri." Mwingine akasema kwamba Batt ana kwato nzuri, aingie mbio za saa nane. Wakacheka wote, na kicheko hakikuwa kibaya, kwa maana wengi wao walikuwa hawajui kama Batt amechanjwa, na kujua hilo kuliwafurahisha. Bibi mmoja alimpiga mgongoni akamwambia hongera.

Con aliangalia saa yake, akaangalia foleni, akaangalia mawingu. "Batt," akasema, "mimi miwani yangu imeingia ukungu. Nikiifuta itachukua muda. Mtu akipita wakati naifuta, sijamwona."

Na akaanza kuifuta kwa shati lake. Lango liko wazi, Dilly yuko ndani anazungushwa, na Batt amebakiwa na hatua mbili tu.

Batt aliichukua kadi yake akairudisha mfukoni.

"Nilikurudisha kwa siku moja, Con," alisema. "Mimi nimepungukiwa sita. Nikipita leo, nitakuwa nimelionea lile dume lako."

"Lile dume lilishakufa, Batt."

"Basi nitakuwa nimemwonea marehemu."

Akageuka akaondoka, tai na yote. Con aliendelea kufuta ile miwani kwa muda mrefu sana.

*

Nilimpata nyuma ya shamba la Mangan, nje ya ua wa uwanja, amepanda juu ya tuta la mawe. Kutoka pale huoni mstari wa mwisho wala jukwaa. Unaona kona ya mbali, kiunzi kimoja, na kipande cha kilima. Nikamwambia anipe mkono nami nipande.

"Wewe una cheti, dada. Nenda ndani."

"Ndani kuna Philo. Anaunguza chai."

"Utaanguka."

"Nikianguka utanipikia uji."

Alinitazama, akaelewa kwamba nilijua. Alinivuta juu, kwa mkono wa kulia.

Saa nane tukasikia kipaza sauti kikitangaza kwamba wameondoka. Upepo ulikuwa unachukua maneno, unatuletea moja na kula matatu. Tulisikia jina la farasi mmoja, halafu la mwingine. La Dilly hatukulisikia.

"Yuko nyuma," Batt alisema. "Huwa nyuma. Anapenda kuangalia mikia."

Halafu ardhi ikaanza kunguruma chini ya mawe, wakatokea kwenye kona. Wanne mbele pamoja, mmoja peke yake, halafu Dilly, wa sita, masikio yamesimama kama anakwenda kufuata barua. Kiunzi kile kiko mahali pa mteremko, na farasi wote hukiogopa kidogo. Yule wa kwanza alisita. Wawili nyuma yake wakaenda pembeni kumkwepa. Dilly hakusita wala hakwenda pembeni. Alikuja katikati kabisa, Neasa ameinama shingoni mwake, akaruka kana kwamba kiunzi ni kizingiti cha jikoni kwangu, na alipotua alikuwa wa tatu.

Batt alinishika mkono, kwa mkono wake ule uliomuuma wiki nzima.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Watu wa jukwaani hawajaona hilo. Hapa hawaoni. Kuna kile kilima."

Na kilima ndicho kilichowameza. Tukabaki na nyasi tupu na kishindo kinachokwenda mbali, na kile kipaza sauti kinachotupa maneno punje punje. Watu wakapiga kelele. Kelele zikapanda, zikashuka. Kisha upepo ukatulia kidogo, tukasikia vizuri jina la mshindi, ambalo silikumbuki, na baada yake, "wa pili, Dilly."

Batt alikaa juu ya mawe.

"Umesikia wa pili?" akaniuliza.

"Nimesikia wa pili."

"Labda amesema wa kumi na pili."

"Walikuwa kumi na mmoja, Batt."

Alifikiri kuhusu hilo. "Wa pili," akasema, na akavua kofia, akaivaa tena, akavua.

Matela ya farasi huegeshwa nje ya lango, kwa hiyo Dilly ilimbidi atoke mwenyewe. Alikuja anatoka mvuke, Neasa akiwa na matope mpaka kwenye meno, anacheka, na nyuma yao nusu ya uwanja. Batt alikuwa ameshasimama kando ya tela na ndoo ya maji. Aliweka paji lake la uso shingoni mwa Dilly wakakaa hivyo, na mpiga picha wa gazeti akauliza kwa nini mwenye farasi hakuja jukwaani. Philo akamwambia, "Farasi ana karatasi kamili. Mwenyewe bado siku sita."

Con alifika mwisho, na kikombe cha chai mkononi, akampa Batt.

"Siku yako ni Jumamosi," alisema.

"Kuna nini Jumamosi?"

"Hakuna kitu. Uwanja mtupu."

"Nitakuja," Batt alisema.

Na kweli tulikwenda, mimi na yeye, Jumamosi ile saa nne asubuhi, kukiwa na manyunyu. Con alikuwa amekaa peke yake langoni kwenye kiti cha kukunja, mwavuli juu, meza mbele yake. Batt alitoa kadi. Con akaigeuza mbele na nyuma, akahesabu kwa kidole kutoka moja mpaka kumi na nne bila haraka, nasi tukamngoja.

"Ingia," akasema.

Akakunja kiti chake, akaingia nasi. Tulitembea kwenye nyasi zilizolowa mpaka kwenye ngwe ya mwisho, ile iliyofichwa na kilima, na Con akamwonyesha Batt kila mahali Dilly alipopita, akikimbia kidogo kwa miguu yake mibovu ili kumwonyesha mwendo. Batt alimwambia anakosea, Dilly hukimbia kwa kulalia kulia. Con akamwambia, mimi ndiye niliyeona. Walibishana pale mpaka saa ya chakula, nami nikakaa chini ya ule mwavuli kuwangoja.